Mpiga picha wa Bashay na soko la mtandaoni: pesa inaingiaje?

Kwa mpiga picha wa Bashay, kazi ya uhakika inajulikana: harusi, send-off, kipaimara, mahafali na picha za pasipoti. Mteja analipa mkononi au kwa simu, mambo yanaisha. Shida ni kwamba msimu wa sherehe ukipita, kamera inakaa kabatini na mshiko unakata.

Soko la mtandaoni linaweza kuziba pengo hilo, ila si kwa kasi ambayo matangazo ya mitandaoni yanaahidi. Wanaokwama mara nyingi hawakwami kwenye picha. Wanakwamia kwenye malipo, vitambulisho na idhini, wakati picha zao zilishapokelewa zamani.

Huu hapa ni mwongozo wa jinsi masoko hayo yanavyofanya kazi, yanakata kiasi gani, na nini mpiga picha wa nyanda za juu za Mbulu na Hanang anaweza kuuza ambacho wengine hawana.

Masoko yapo ya aina tatu

Aina ya kwanza ni maghala ya picha. Mpiga picha anapakia picha zake, zinakaa pale, na kila mteja anayepakua anamlipa mwenye picha sehemu ya bei. Humo kuna Shutterstock, iliyoanzishwa New York mwaka 2003, Adobe Stock, iStock ya kampuni ya Getty Images, na Alamy ya Uingereza. Lipo pia PICHA, ghala la picha za Kiafrika lililochukua jina lake kwenye neno la Kiswahili.

Aina ya pili ni masoko ya huduma, kama Fiverr na Upwork. Huku hauzwi picha iliyokwisha kupigwa, bali kazi: kusafisha picha, kuondoa mandharinyuma, kupanga albamu, au kwenda kupiga picha mahali fulani kwa niaba ya mteja aliye mbali.

Aina ya tatu ni masoko ya matangazo ya hapa nyumbani, kama Jiji, pamoja na kurasa za Instagram na Facebook. Mteja ni Mtanzania, mazungumzo yanamalizikia kwenye simu, na malipo yanaingia M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas, ile iliyokuwa Tigo Pesa.

Kila aina ina kasi yake. Ghala la picha linalipa kidogo kidogo na polepole. Soko la huduma linalipa zaidi kwa kazi moja, lakini ushindani ni wa dunia nzima. Soko la nyumbani linalipa haraka, ila wateja ni wa eneo moja.

Kwanza njia ya pesa, halafu picha

Kosa la kawaida ni kupakia picha mia mbili, kusubiri miezi, kisha kugundua kwamba pesa haina njia ya kufika Tanzania.

PayPal ni mfano mzuri. Mtanzania anaweza kufungua akaunti na kulipia vitu, lakini akaunti ya Tanzania haijajengwa kwa ajili ya kupokea malipo. Kenya hali ni tofauti: tangu 2018 mwenye akaunti ya PayPal kule anaweza kuhamisha pesa kwenda M-Pesa. Ndiyo maana mafunzo mengi ya video yaliyotengenezwa Nairobi hayamsaidii mtu wa Manyara hatua kwa hatua.

Kwa Tanzania, njia inayotumika sana ni Payoneer, ambayo hupokea dola na kuzipeleka kwenye akaunti ya benki ya hapa nchini. Shutterstock, Adobe Stock, Fiverr na Upwork zote hulipa kwa njia hiyo. Upwork pia hutuma moja kwa moja benki. Mambo ya kuangalia mapema ni haya:

- Jina kwenye akaunti ya soko, kwenye Payoneer na benki lazima liwe moja, herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye kitambulisho.
- Masoko hutaka picha ya kitambulisho chenyewe. Mwenye namba ya NIDA tu bila kadi mkononi atumie pasipoti au leseni ya udereva.
- Payoneer hutoza ada ya mwaka kwa akaunti zinazopokea kiasi kidogo. Ada hiyo isomwe kabla ya kujisajili, kwa sababu inaweza kumeza mapato ya mwaka wa kwanza.
- Akaunti ya kuazima au kukodi ya mtu mwingine ni kinyume cha masharti. Ikifungwa, pesa iliyomo inapotea na hakuna pa kulalamika.

Njia hii ikishakamilika, ndipo kazi ya picha ina maana.

Hesabu ya senti

Adobe Stock humpa mpiga picha asilimia 33 ya bei ya picha. Mteja wa kifurushi cha mwezi akipakua picha moja, mwenye picha anaweza kupata senti 33 za dola. Ili kutoa pesa lazima salio lifike dola 25. Kwa senti 33 kila moja, hiyo ni kama mara 76 za kupakuliwa.

Shutterstock inalipa kwa ngazi, kuanzia asilimia 15 hadi 40, kulingana na idadi ya picha zilizopakuliwa ndani ya mwaka. Kila tarehe 1 Januari wote hurudi ngazi ya chini. Utaratibu huo ulianza Juni 2020, na malipo ya picha moja yanaweza kushuka mpaka senti 10. Kwa iStock, mpiga picha asiye na mkataba wa kipekee huanza na asilimia 15.

Halafu kuna kodi ya Marekani. Masoko ya Marekani hutaka fomu iitwayo W-8BEN kabla ya kulipa. Kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, mapato ya picha zilizonunuliwa na wateja wa kule hukatwa asilimia 30. Zile senti 33 zinabaki kama 23. Picha ikinunuliwa na mteja wa Ujerumani au India, makato hayo hayahusiki.

Kazi ya huduma ni tofauti. Mtu aliyekaa Bashay akasafisha picha za mteja wa Chicago amefanya kazi Tanzania, hivyo kwa kawaida makato hayo ya asilimia 30 hayamgusi. Anakatwa na soko lenyewe: Fiverr huchukua asilimia 20. Kazi ya dola 20 inamwachia 16. Upwork ilikuwa ikichukua asilimia 10 tangu 2023, na tangu Mei 2025 kiwango kinabadilika kati ya 0 na 15 kulingana na kazi.

Hapo inaonekana wazi: kusafisha albamu moja ya mteja kunaweza kulipa kuliko picha 40 zilizopakuliwa ghalani. Lakini picha ya ghala inaweza kuuzwa tena mwakani bila kuguswa. Mwenye akili ya biashara hachagui moja tu, anaweka zote mbili kwenye mizani.

Bashay ina nini cha kuuza?

Picha za maua, machweo, kikombe cha kahawa na kompyuta mezani zimejaa kupita kiasi. Tena sasa kuna akili mnemba. Oktoba 2022 Shutterstock ilitangaza ushirikiano na OpenAI, na Machi 2023 Adobe ikatoa Firefly, programu inayotengeneza picha kwa maneno, iliyofunzwa kwa picha zilizomo Adobe Stock. Mteja anayetaka machweo yoyote hahitaji tena kununua ya mtu.

Kinachobaki na thamani ni picha ya mahali halisi na kazi halisi. Mchapishaji wa kitabu cha kilimo, shirika la afya, au gazeti linaloandika kuhusu bei ya mazao hawezi kutumia picha ya kubuni bila kujiaibisha. Anataka mkulima wa kweli katika shamba la kweli.

Hapo ndipo mpiga picha wa Mbulu ana kitu mkononi:

- Vitunguu saumu, kuanzia kupanda, kuvuna, kuanika, kuchambua hadi kufunga kwenye magunia.
- Ngano ya Basotu, Hanang, kwenye mashamba makubwa yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970.
- Minada ya mifugo, ambako Wairaqw na Wadatoga hukutana.
- Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, pamoja na maziwa ya Basotu na Balangida.
- Maisha ya kila siku: bodaboda kwenye matope, foleni ya zahanati, mama akilipia mahitaji kwa simu, wanafunzi njiani alfajiri.

Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Mpiga picha anapanda mlima kutafuta mandhari, kumbe mhariri anatafuta wakala wa pesa kwenye kibanda cha mbao. Kilicho cha kawaida kwa mwenyeji ndicho adimu kwenye ghala.

Simu janja inatosha?

Inatosha kuanzia. Shutterstock na Adobe Stock zinataka picha ya JPEG yenye angalau megapikseli 4, na simu nyingi za sasa zinavuka hapo. Kinachokataliwa mara nyingi ni picha zenye chengachenga za giza, zilizotikisika, zilizokuzwa kwa vidole, au zilizopitishwa WhatsApp ambayo hupunguza ubora wake. Picha itoke kwenye simu au kamera moja kwa moja. Vichujio vya urembo na maandishi juu ya picha havifai. Nembo za kampuni zikionekana, picha haiwezi kuuzwa kwa matangazo.

Bando nalo ni gharama. Picha 100 za megabaiti 8 kila moja ni megabaiti 800. Ni afadhali kuchagua picha 15 nzuri kuliko kupakia 100 zinazofanana, na kazi ya kupakia kuiacha usiku kama bando la usiku lipo.

Maelezo ya picha huandikwa kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha wateja wengi wanayotafutia. Yawe na majibu ya nani, anafanya nini, wapi. "Mwanamke shambani" haiuzi. "Mkulima mwanamke akianika vitunguu saumu, Mbulu, mkoa wa Manyara, Tanzania" inapatikana na anayeitafuta. Jina la mahali liandikwe kwa usahihi, na zao litajwe kwa jina lake.

Idhini si karatasi ya kujazia tu

Picha yenye mtu anayetambulika ikiuzwa kwa matangazo lazima iwe na fomu ya idhini iliyosainiwa na mtu huyo. Kwa mtoto, anasaini mzazi au mlezi. Bila fomu, picha inaweza kuuzwa kwa matumizi ya habari na elimu pekee, na ni lazima mpiga picha aichague njia hiyo wakati wa kupakia.

Hapa kuna jambo zito. Mzee akipigwa picha mnadani na kuambiwa "ni kumbukumbu tu", kisha uso wake ukatokea kwenye tangazo la dawa Ulaya, amedhulumiwa. Fomu imeandikwa Kiingereza, na mwenye uso huenda anaongea Kiiraqw au Kidatoga zaidi ya Kiswahili. Kusaini bila kuelewa si kukubali. Ni wajibu wa mpiga picha kueleza kwa lugha ya mhusika kwamba picha itauzwa, inaweza kuonekana popote duniani, na ikishauzwa hairudi. Kama kuna asante ya pesa, kiasi kikubaliwe kabla ya kupiga.

Tahadhari hiyo ni kubwa zaidi kwa Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao wamepigwa sana picha na wageni. Kuingia kijijini kunaanzia kwa viongozi wa kijiji.

Sheria pia ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu inaweza kuhesabiwa kuwa taarifa binafsi. Kwa upande wa mpiga picha, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi yake, na COSOTA ndiyo taasisi ya kuulizia. Picha za harusi ya mteja zisiuzwe mtandaoni bila maharusi kukubali kwa maandishi. Anayetaka kutumia droni atafute kwanza kibali cha TCAA.

Kupata kazi ya kwanza Fiverr na Upwork

Mwanzo ni mgumu kwa sababu mteja anaangalia nyota za waliotangulia, na mgeni hana. Kinachosaidia ni kuahidi kitu kimoja kidogo kinachoeleweka. "Mpiga picha na mhariri wa kila kitu" hapati mtu. "Nitasafisha picha 20 za bidhaa na kuziweka kwenye mandharinyuma meupe kwa siku mbili" inampa mteja cha kununua.

Upwork hutumia tokeni ziitwazo Connects kuomba kazi, na moja huuzwa senti 15 za dola. Kazi moja hula kadhaa. Maombi ya kunakili na kubandika ni pesa inayotupwa. Ombi zuri ni fupi: limesoma tatizo la mteja, limeweka sampuli mbili zinazofanana na kazi, na limetaja siku ya kukabidhi.

Kazi ya kupiga picha mahali huwa chache lakini ina faida. Shirika la nje lenye mradi Haydom au Katesh likimpata mtu aliye karibu, halina haja ya kumleta mpiga picha kutoka Arusha kwa gari. Wasifu uliotaja Mbulu, Hanang, Karatu na Babati kwa majina unaonekana na anayetafuta majina hayo. Nauli, chakula na malazi viwekwe kwenye bei tangu mwanzo, visiongezwe mwishoni.

Pesa haitoki siku ya kukabidhi. Fiverr huishikilia siku 14 baada ya kazi kukamilika. Upwork, kwa kazi ya bei maalumu, huiachia siku 5 baada ya mteja kuikubali. Anayetegemea malipo hayo kwa ada ya shule ahesabu siku hizo.

Habari inapotokea karibu

Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Kwa siku kama hiyo, vyombo vya habari vya dunia hutafuta picha kwa mtu aliye pale tayari, kabla waandishi wao hawajafika.

Mpiga picha aliyejiandaa anakuwa ameshaweka wasifu, mawasiliano na sampuli zake mahali wahariri wanapoangalia. Picha iliyorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp huzunguka bila jina la mwenyewe, na ikishasambaa hivyo ni vigumu kuidai. Ni bora kumtumia mhariri nakala ndogo yenye jina, tarehe na mahali, na kukubaliana bei kabla ya kutoa kubwa.

Lakini msiba si mnada. Nyuso za marehemu na za waliofiwa wakiwa katika uchungu haziuzwi kwenye ghala. Picha za waokoaji, barabara zilizofunikwa, nyumba na misaada zinaeleza habari bila kuwavunjia watu heshima. Na mpiga picha wa hapa, tofauti na mgeni, ataendelea kukutana na watu hao hao mnadani na kanisani.

Dalili za matapeli

- Mteja anadai ada ya usajili, mafunzo au "kufungua akaunti" kabla ya kazi. Masoko halali hayalipishi namna hiyo.
- Anataka mazungumzo na malipo vihamie WhatsApp au Telegram mara moja. Nje ya soko hakuna ulinzi.
- Anadai ametuma pesa zaidi kimakosa na anaomba "chenji" irudishwe.
- Anaomba sampuli za bure nyingi kwa picha zake mwenyewe. Hiyo ni kazi kamili bila malipo.
- Anaomba nywila au namba ya siri inayoingia kwenye simu.

Hatari nyingine haitoki kwa tapeli. Soko lenyewe linaweza kuanguka. EyeEm ya Berlin, iliyowahi kupendwa sana na wapiga picha wa simu, iliingia kwenye ufilisi Aprili 2023, ikanunuliwa na Freepik baadaye mwaka huo. Funzo ni dogo na la kudumu: salio likifika kiwango cha kutoa, litolewe. Na nakala halisi za picha zikae kwenye diski au kadi nyumbani, zisiachwe kwa kampuni pekee.

Mpango wa miezi mitatu

Mwezi wa kwanza ni wa karatasi: kitambulisho, akaunti ya benki, Payoneer, TIN kutoka TRA na fomu ya W-8BEN. Ofisi ya TRA iulizwe mapema kuhusu kodi ya mapato ya mtandaoni, si baada ya pesa kuingia.

Mwezi wa pili ni wa picha 50 bora za kazi na maisha ya hapa, zenye idhini na maelezo kamili, zikiwekwa kwenye ghala moja au mawili. Mikataba isiyo ya kipekee inaruhusu picha ile ile kukaa masoko tofauti.

Mwezi wa tatu ni wa huduma moja Fiverr au Upwork, na tangazo moja Jiji lenye bei na sampuli. Baada ya hapo kila shilingi iandikwe: bando, ada, nauli na kilichoingia. Daftari ndilo litakaloonyesha soko gani liendelee na lipi liachwe.

Harusi zisiachwe. Kwa mwaka wa kwanza ndizo zitakazolipia bando la kupakia picha za vitunguu saumu.